Alama za Arisaka: bunduki ya zamani ya Japani na maandishi yake

Arisaka ni jina la jumla la bunduki za jeshi la Japani zilizotumika tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1945. Limetokana na Arisaka Nariakira, ofisa aliyesimamia ubunifu wa ile ya kwanza. Ukiikuta kwenye jumba la makumbusho, huhitaji kujua Kijapani ili kuitambua. Alama zenye maana zaidi zimegongwa mahali pamoja, kwenye chuma kinachoshika mtutu kwa nyuma.

Juu kabisa kuna ua lenye petali 16, nembo ya Kaisari wa Japani. Maana yake ni kwamba silaha ni mali yake, askari kakabidhiwa tu. Ndiyo maana bunduki nyingi zilizosalimishwa nchini Japani mwaka 1945 ua lake limesagwa, limebaki kovu linalong'aa. Zilizotekwa vitani visiwani Pasifiki mara nyingi bado zina ua zima, na wakusanyaji huzigombania hizo. Lakini kovu si lazima liwe la 1945: bunduki chakavu zilizopelekwa shuleni kwa mazoezi nazo zilifutwa ua.

Chini ya ua kuna herufi tatu, zinasomwa kutoka juu kushuka. Mistari mitatu ya kulala ni 3. Miwili inayoachana kwa chini ni 8. Hiyo ni Aina ya 38. Ukiona herufi moja imerudiwa mara mbili, mara nyingi ni 99. Ya mwisho, shiki, ni "aina" tu.

Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani kati ya 38 na 99 kuna miaka 61. Ile 38 ni mwaka wa 38 wa utawala wa Kaisari Meiji, yaani 1905. Ile 99 imetoka kwenye kalenda nyingine, inayohesabu tangu kuasisiwa kwa Japani kwa mujibu wa simulizi za kale: mwaka 2599, yaani 1939. Zimeachana miaka 34, na hata risasi haziingiliani: milimita 6.5 kwa 7.7.

Ubavuni kushoto kuna namba, kwa tarakimu za kawaida, na pembeni yake chapa ya kiwanda. Viduara vinne vilivyoshikana ni Tokyo, na pia mji wa Kokura, kwani kiwanda kilihamia huko baada ya tetemeko la 1923 kikabaki na chapa ileile. Namba yenyewe isikudanganye. Tangu miaka ya 1930 kila mfululizo wa namba uliishia 99,999 ukaanza upya, ukitofautishwa na herufi ndogo ndani ya duara mbele ya namba. Kwa hiyo bunduki mbili zinaweza kuwa na namba moja na zisiwe za mwaka mmoja wala kiwanda kimoja. Anayenakili namba akaiacha ile herufi, hajanakili kitu.