Mchango wa mwezi wa sita

Daftari lilikuwa la shule, jalada limejikunja pembe. Mama aliyelileta kliniki aliliweka mezani kwangu kabla hata hajakaa, akalifungua, akaanza kunionyesha kwa kidole. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa na majina 41 ya waliochanga: wa ukoo, wa kazini kwake, waumini wenzake, vijana waliosoma na mwanawe. Hiyo ni wiki aliyolazwa huyo mwanawe. Ukurasa wa tatu ulikuwa na majina tisa. Wa nne mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa lake mwenyewe. Baada ya hapo karatasi tupu.

"Mwanangu, watu si wabaya," aliniambia. "Wananiuliza tu, si alishatoka hospitali?"

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na daftari la namna hiyo nimeliona mara nyingi, siku hizi zaidi kwenye simu kuliko kwenye karatasi. (Watu ninaowasimulia hapa nimewabadilisha kidogo wasitambulike.) Kila mara huwa limejaa mwezi wa kwanza tangu mtu aanze kuugua na limekauka ifikapo wa sita. Nikiulizwa na familia au kikundi namna ya kumchangia mgonjwa wa akili, huwa naanzia hapo: panga mwezi wa sita kwanza, huo wa kwanza utajipanga wenyewe.

Tatizo ni kwamba tunachanga kana kwamba mtu anakwenda kupasuliwa. Upasuaji una tarehe, una bili moja, na una siku ya kusema ahsanteni, mgonjwa ameamka. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, haiendi hivyo. Anayepatwa na saikosisi, yaani hali ya kushindwa kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwepo, kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wodini wiki kadhaa. Sauti zikipungua na usingizi ukirudi, anaruhusiwa, na wote waliochanga wanashusha pumzi. Kwetu sisi ndiyo kwanza kazi inaanza. Dozi bado inatafutwa. Uzito unapanda, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, asubuhi anaamka mzito kama aliyebebeshwa gunia. Wakati huohuo anajiona mzima, na mtu mzima anajiuliza anameza vidonge vya nini. Anaacha. Ugonjwa hauji kesho yake. Mara nyingi unasubiri wiki au miezi, mpaka kila mtu ameshaamini kwamba kweli dawa hazikuwa na kazi.

Hata sonona, ambayo watu huichukulia kuwa ni huzuni ya kupita, si jambo la wiki mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ziendelee kati ya miezi 9 na 12 baada ya mgonjwa kupata nafuu. Baada ya nafuu, siyo tangu alipoanza kuugua. Na mgonjwa wa skizofrenia asiyesaidiwa na dawa nyingine akiwekwa kwenye klozapini, itabidi apimwe damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Kila kipimo ni safari. Kila safari ni nauli ya watu wawili na siku ya kazi ya yule anayemsindikiza. Hakuna hata moja kati ya gharama hizo inayoweza kupigwa picha ikavuta machozi.

Wapo wanaouliza kwa nini wananchi wachange ilhali kuna serikali. Ni swali la haki kabisa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kwamba serikali kwa wastani zilikuwa zikitenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na sehemu kubwa ya hicho kidogo ilikwenda kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, mbali na wanakoishi watu. Pengo kati ya hospitali hiyo na mlango wa nyumba ndilo linalozibwa na daftari la mama. Kuidai serikali ni lazima. Ila kliniki ni Alhamisi.

Kuhusu nauli, kuna tukio ambalo daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe amelisimulia hadharani mara nyingi. Mgonjwa wake kijana alijiua mwaka 2005. Familia ilikuwa imekusudia kumrudisha hospitali, ikakosa nauli ya basi. Chibanda alianza kufikiria tiba inayomfuata mtu aliko. Mwaka uliofuata alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuchambua matatizo yake moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, uligundua kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilikuwa zimebaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa na bibi hao, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa karibu nusu. Huwa nawasomea wanakamati wa michango takwimu hizo kwa makusudi, kwa sababu kamati nyingi huamini msaada ni fedha, na asiye na fedha hujiona hana la kuleta.

Kabla sijafika huko, niseme la picha, kwa sababu hapa nimewahi kukosea mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja kilikuwa kinamchangishia binti aliyelazwa. Walirekodi video korido ya wodi, akiwa kwenye hali mbaya kuliko zote, anapiga kelele, nguo zimemvuka bega. Familia ilikubali. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu pembeni, nikanyamaza, nikijiambia kwamba dawa zinahitajika na fedha hazipo. Fedha zilikuja kwa kasi ambayo sijaiona tena. Baada ya miezi michache binti alikuwa mzima, anatafuta kazi, na aliyemsaili akamtambua. Alikuja kliniki na simu mkononi, akaicheza video mbele yangu mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Ulikuwepo?"

Nilikuwepo.

Mtu aliye katikati ya saikosisi hawezi kutoa ridhaa yenye maana, na ridhaa ya ndugu haizibi pengo hilo, kwa sababu sura si yao. Tangu siku ile sikubali kitoke kitu ambacho mgonjwa akipata nafuu hataweza kukisoma kwa sauti mbele ya watu. Kama hawezi kukubali leo, tangazo liandikwe kwa jina la anayemuuguza, maana naye ni mhitaji, na yeye akili zake zimetulia kiasi cha kuamua anataka kusema nini.

Hivi ndivyo matangazo mengi yanavyonifikia: "Ndugu zangu, tumsaidie mwenzetu aliyechanganyikiwa, hali ni mbaya sana, chochote ulichonacho, Mungu atakulipa." Huwa naketi na familia, tunaandika upya. Mara ya mwisho lilitoka hivi:

"Namuuguza kaka yangu anayetibiwa ugonjwa wa akili. Ametoka hospitali, anaendelea na dawa na kliniki. Natafuta watu 12, kila mmoja abebe nauli ya kliniki ya mwezi mmoja wa mwaka huu. Risiti zitakuwa kwa mweka hazina wetu. Kama huna fedha, natafuta pia mtu wa kukaa naye Jumanne mchana."

Angalieni kilichoondoka. "Amechanganyikiwa" limekwenda, na "hali mbaya" pia, kwa sababu hali mbaya ikiisha mchangaji naye anaondoka. "Chochote" limekwenda kwa sababu chochote hakina mwisho; mtu anatoa na bado anahisi ametupa tone baharini. Mwezi wa Machi una mwisho. Aliyeuchukua Machi anajua ni wake, na usipolipwa anajua ni nani aliyeuacha.

Suala la nani ashike fedha hukoroga watu kuliko lolote. Ushauri wangu ni kwamba mweka hazina asiwe anayemuuguza. Sisemi hivyo kwa kudhani ataiba. Nimeona walezi waaminifu wakisengenywa kwa sababu tu walionekana na simu mpya. Dawa na vipimo vilipwe moja kwa moja panapotolewa huduma ikiwezekana, na hesabu isomwe mgonjwa akiwepo.

Akiwepo, ndiyo. Wengi hunipinga hapa. Wanasema mgonjwa wa akili asiguse fedha kabisa. Sikubaliani nao: mtu mzima asiyeweza kununua hata vocha bila kuomba hurudishwa utotoni, na utoto haumponyi mtu. Lakini pia sitaki kujifanya kwamba hatari haipo. Mwenye ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akipanda kwenye mania, yaani msisimko uliopitiliza, hulala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu za watu watatu. Ananunua, anagawa, anaanzisha biashara kabla ya saa nne asubuhi, na kila anayemzuia anaonekana adui wa maendeleo yake. Dawa ya hapo ni kuandikiana mapema, akiwa mzima, kwa maneno yake mwenyewe: dalili zangu za mwanzo ni hizi, mkiziona mbili kadi yangu ya benki achukue dada yangu, mnipeleke kliniki fulani, nisipewe zaidi ya kiasi hiki kwa siku. Kisha muandike sentensi ambayo familia karibu zote huisahau: kadi nitarudishiwa lini, na ni nani atakayeamua. Bila sentensi hiyo, wiki mbili za ulinzi hugeuka miaka.

Sasa nirudi kwenye ile Jumanne mchana ya kwenye tangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake jijini London walifuatilia wanaume waliotoka hospitali wakiwa na skizofrenia, wakakuta jambo lisilotarajiwa: waliokwenda kuishi kwa wazazi au kwa wake zao walikuwa wakirudi hospitali zaidi kuliko waliopanga vyumba au kukaa na kaka na dada zao. Upendo haukuwa tatizo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kinachoumiza ni lawama za kila saa, uadui, na uangalizi uliopitiliza, ule wa kumtazama mtu anavyokula, anavyolala, anavyovuta pumzi. Watafiti Christine Vaughn na Julian Leff walipolipima tena jambo hilo mwaka 1976, waliona hatari inapanda zaidi pale mgonjwa na ndugu wa namna hiyo wanapokaa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Walezi wakisikia hivyo huona wanashtakiwa, na siwalaumu. Mimi nauona utafiti huo kuwa habari njema, kwa kuwa saa zinaweza kupunguzwa na mtu yeyote. Jirani akikaa na mgonjwa michana miwili, mama akatoka, akalala, akaenda hata kunyamaza mahali, hiyo ni tiba ya wote wawili, na haihitaji bajeti.

Kwa familia ile yenye daftari alijitolea mzee mmoja mstaafu. Alinifuata pembeni akaniambia kwa aibu kwamba hana la kumwambia kijana. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nilimpa sharti moja tu: usimuulize kama amemeza dawa. Kijana alikuwa anaulizwa swali hilo na kila kiumbe chenye mdomo. Wakacheza drafti. Wiki ya tatu kijana mwenyewe, akisogeza kete, akasema dawa za usiku zinamfanya ashindwe kuamka. Mzee akamleta kwangu, tukabadilisha saa ya kumeza.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulichangia, na nasema hivyo hata mbele ya wazee: kumpeleka mtu mahali atakapofungwa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watu wenye ugonjwa wa akili hufungwa minyororo katika nchi takriban 60. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni ndugu waliochoka wasio na huduma karibu, au nyumba za uponyaji zinazolipwa na michango ya watu wenye nia njema. Mkiombwa kuchangia ada ya mahali kama hapo, tumeni watu wawili kwanza, bila taarifa. Waombe kuona wanapolala wagonjwa. Wakikataliwa, mmeshapata jibu. Na mgonjwa akisema anataka kujiua, msisubiri mchango wowote: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bili itakuta watu njiani.

Yule mama tulikaa naye, tukapata majina 12 kutoka kwenye yale 41. Hakumpigia simu kila mtu. Alichagua wale aliojua wana ulimi mfupi. Saba walikubali siku hiyohiyo, watano walichukua karibu mwezi mzima. Wa Septemba alijitoa, akaingia mwingine.

Mwezi wa nane daftari lililetwa na kijana mwenyewe. Alikuwa ameshapewa kazi ya kuandika matumizi, na alikuwa amechora safu kwa rula. Chini ya nauli na kipimo cha damu alikuwa ameandika "viatu". Akaniuliza kama viatu vinahesabika kuwa matibabu. Nikamwambia hilo ni la kamati, si la kliniki.

"Kamati nilishaiuliza," alisema. "Wamegawanyika. Vimepita, kura tatu kwa mbili."