Kusawazisha mlinganyo wa kikemikali: gesi ya mtungi huenda wapi?

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha, hauachi hata majivu, ndiyo maana watu hudhani gesi imepotea. Kumbe imeungana na oksijeni ya hewani, ikawa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Kanuni ya uhifadhi wa tungamo (kiasi cha maada, kinachopimwa kwa gramu au kilo) inasema hivi: katika badiliko la kikemikali, jumla ya tungamo la vilivyoingia ni sawa na la vilivyotoka. Atomu ni zilezile, zimepangwa upya tu.

Kusawazisha mlinganyo ni kuhakikisha kila atomu iliyo kushoto inaonekana kulia. Tuchukue propani, mojawapo ya gesi kuu za mtungini:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ziko 3 kushoto, basi weka 3 mbele ya CO₂. Hidrojeni ni 8, weka 4 mbele ya H₂O. Sasa kulia kuna oksijeni 6 na 4, jumla 10, nazo zinatoka kwenye molekuli 5 za O₂. Oksijeni tumeiacha mwisho makusudi: kushoto imesimama peke yake, ukiigusa huvurugi kingine.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Usiguse zile namba ndogo za chini. Ukigeuza H₂O iwe H₂O₂ ili hesabu ikae sawa, umeacha maji na kuandika haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuchubua rangi ya nywele.

Kwa gramu, ukifuata uzito wa atomu zilizomo: 44 za propani na 160 za oksijeni hutoa 132 za kaboni dioksidi na 72 za maji. Kila upande 204. Kwa hiyo kilo 6 za gesi huzaa kama kilo 18 za kaboni dioksidi na zaidi ya kilo 9 za maji! Ziada hiyo yote ni oksijeni ya hewa ya jikoni. Mfaransa Antoine Lavoisier alilionyesha jambo hili mwaka 1774 kwa kuchoma bati ndani ya chupa iliyozibwa: uzito haukubadilika mpaka alipoifungua, hewa ikaingia.

Jiko likiwaka kwenye chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua na mlinganyo wenyewe hubadilika, ikatoka kaboni monoksidi, gesi yenye sumu:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Nao umesawazika. Hesabu oksijeni: 14 kushoto, 14 kulia.