Je, wajua kwa nini nyota hugeuka vistari katika picha za usiku?

Kamera imesimama imara ufuoni Nyali, shata imefunguka sekunde 30, lakini kila nyota imetoka kama kistari. Wengi hulaumu tripodi. Kinachosogea ni dunia yenyewe: huzunguka digrii 15 kwa saa, na kamera huzunguka nayo.

Mwendo huo hauonekani sawa kila upande wa anga. Nyota zilizo usawa wa ikweta ndizo zenye mbio, zilizo karibu na ncha za anga, kaskazini na kusini, hujikokota. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo zile zenye mbio hutupitia karibu na utosi. Nyota tatu za mkanda wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, huenda kwa kasi kamili. Salibu ya Kusini huenda takriban nusu yake, nayo waweza kuipa muda maradufu.

Kanuni iliyozoeleka ya kupata sekunde za kuacha shata wazi ni kugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kwa milimita. Kwa kamera ya sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili, zidisha urefu huo kwa 1.5 kwanza. Lenzi ya milimita 18 inakuwa 27, nawe unapata sekunde 18. Muda huo ni mwingi mno. Kwenye kamera ya megapikseli 24, mkanda wa Jabari utaburuzika pikseli 6 hivi. Gawa 300 badala yake: sekunde 11, pikseli zisizozidi 4.

Mwanga uliopotea ufidie kwa ISO 3200 (usikivu wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha piga picha 16 mfululizo na kuziunganisha kwa Siril, programu ya bure. Chengachenga za picha hupungua hadi robo. Tahadhari: programu ikizipanga nyota, minazi ya mbele hufifia, basi ipigie picha yake peke yake.

Kuza picha uikague. Vistari vilivyonyooka ni dunia. Vikipindapinda ni upepo. Njia Nyeupe hupendeza zaidi Juni hadi Agosti, na huo ndio msimu wa kusi, kwa hiyo fupisha miguu ya tripodi na uididimize mchangani. Nukta nene za duara ni fokasi isiyokaa sawa: lenga nyota angavu, ikuze kwenye skrini, zungusha lenzi mpaka nukta iwe ndogo kabisa. Nyota zikizungukwa na utusitusi, lenzi imeshika ukungu kwa kutolewa chumba chenye AC na kuingia joto la pwani. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa.