Uncle Tupelo: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Wengi tumewafikia Uncle Tupelo, bendi ya Marekani, kupitia Wilco, bendi iliyotokana nao, tukapokea na hadithi zilizokwisha tiwa chumvi. Kwanza, hakuna mjomba aliyeitwa Tupelo. Walikuwa vijana watatu wa Belleville, Illinois: Jay Farrar, Jeff Tweedy na mpiga ngoma Mike Heidorn.

Dhana: Wao ndio waasisi wa kantri mbadala, yaani kantri iliyochanganywa na roki na panki, na wimbo "No Depression" ni wao.
Carter Family, kundi la zamani la kantri, waliurekodi wimbo huo mwaka 1936, Marekani ikiwa bado katika dhiki ya mdororo wa uchumi. Vijana hawa waliuimba upya na kuipa jina lake albamu yao ya kwanza, 1990. Mwaka 1995 likaanzishwa jarida lenye jina hilohilo, na ubaba wa mtindo mzima ukawaganda. Mwanamuziki Gram Parsons alikuwa ameshachanganya kantri na roki tangu miaka ya 1960. Cha kwao hasa ni ile panki, roki ya kasi na kelele, inayokimbia, inakatika ghafla, kisha inaondoka tena.

Dhana: Albamu ya tatu ilipambwa na nyota.
Ni kweli mtayarishaji alikuwa Peter Buck wa bendi maarufu ya R.E.M. Lakini jina la albamu, *March 16–20, 1992*, ndilo kalenda ya kazi yenyewe: siku tano katika studio ya John Keane, mjini Athens, Georgia. Miezi michache tu nyuma bendi ya roki ya Nirvana ilikuwa imetoa albamu ya *Nevermind*, na kila kampuni ilikuwa ikisaka magitaa yanayonguruma. Hawa wakashika magitaa makavu, wakaimba nyimbo za wachimba makaa ya mawe na za kanisani. Kwangu mimi hapo ndipo walipokuwa wajasiri kuliko popote.

Dhana: Walipoingia Sire, kampuni ya kurekodi muziki, fedha za kampuni kubwa ziliwalainisha.
Sikiliza *Anodyne* (1993). Ilirekodiwa Austin, Texas, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, bila kuongezewa sauti baadaye. Doug Sahm, mkongwe wa Texas, alikuja kuimba nao wimbo wake mwenyewe.

Dhana: Tweedy aliivunja bendi ili aunde Wilco.
Aliyeaga ni Farrar, mapema 1994. Walimaliza ziara, wakapiga mara ya mwisho St. Louis tarehe 1 Mei. Waliobaki, yaani Tweedy pamoja na John Stirratt, Ken Coomer na Max Johnston waliojiunga baadaye, ndio wakawa Wilco. Heidorn, aliyekuwa ameondoka kabla ya *Anodyne*, akaungana na Farrar katika bendi mpya, Son Volt.

Dhana: Wilco iling'ara tangu siku ya kwanza.
Bendi zote mbili zilitoa albamu mwaka 1995. *A.M.* ya Wilco ilipokelewa kwa uvuguvugu. Iliyomwagiwa sifa ni *Trace* ya Son Volt.