Tiba shufaa haianzi pale matibabu yanapoishia

Hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, neno shufaa likitajwa wodini watu hushusha sauti. "Mama amewekwa shufaa," ndugu anamnong'oneza mwenzake, na kesho yake wanaanza kuulizia gari la kumrudisha kijijini. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, tena kwa wagonjwa ambao bado walikuwa na matibabu mbele yao.

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa mzito: maumivu kwanza, halafu kukosa pumzi, kichefuchefu, hofu, na mzigo unaowaelemea wanaomuuguza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2002 kwamba huduma hii inafaa tangu mapema, sambamba na matibabu ya kurefusha maisha, kama dawa za saratani na mionzi. Watu wengi wanalipita hilo "sambamba".

Chukua mama mwenye saratani ya titi iliyofika kwenye mfupa wa paja. Picha ya eksirei imeonyesha mfupa ulivyoliwa, na ameandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi. Mionzi hiyo, wakati mwingine ya siku moja tu, haiondoi saratani mwilini. Inatuliza mfupa ili aweze kukaa, kulala na kwenda chooni bila kupiga kelele. Je, hayo ni matibabu au ni shufaa? Ni vyote viwili. Na siku zote anazosubiri safari, anatakiwa awe anapata dawa ya maumivu. Familia ikishaamua kwamba shufaa maana yake kukatiwa tamaa, itaikataa rufaa na dawa kwa pamoja.

Kuna kosa jingine linalotokana na hilo hilo: kumwacha mgonjwa na maumivu yake "mpaka picha itoke". Picha inatafuta chanzo. Maumivu yenyewe hupimwa kwa kumuuliza mgonjwa: kuanzia 0, yaani hakuna maumivu, hadi 10, maumivu makali kabisa, yamefika ngapi sasa hivi? Ukimpeleka mtu aliyevunjika nyonga kwenye chumba cha eksirei bila dawa, anaambiwa anyooshe mguu, anashindwa. Anatetemeka, picha inatoka na ukungu, inabidi irudiwe. Akipewa dawa kwanza, anatulia na picha inasomeka. Hata yale mafundisho ya zamani kwamba mgonjwa wa tumbo asipewe dawa kali kabla daktari wa upasuaji hajamwona, tafiti hazikuyaunga mkono: dawa iliyopimwa vizuri haikumzuia daktari kuutambua ugonjwa.

Halafu mofini, ile dawa kali ya maumivu. Inaitwa "dawa ya mwisho", na hiyo ndiyo lawama inayoniuma kuliko zote. Ngazi ya maumivu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986 ilipanga dawa kwa ukali wa maumivu: panadol na diklofenaki chini, kodeini katikati, mofini juu. Haikuuliza mgonjwa amebakiza siku ngapi. Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alisisitiza mofini ya kunywa itolewe kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Mofini ya maji ndivyo inavyotumika mpaka leo: chupa, sirinji ya kupimia isiyo na sindano, na saa ukutani. Inafunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha. Ikitolewa kwa maumivu na kwa kipimo sahihi, haimuui mgonjwa, na mara chache sana humfanya teja.

Nalisema sasa kwa sababu miaka hii ya karibuni hospitali za rufaa za mikoa zimekuwa zikipelekewa mashine za siti skani, zinazopiga picha za ndani ya mwili. Ni jambo jema sana. Lakini watu wengi zaidi watajulikana ugonjwa wao mapema, kwa hiyo wengi zaidi watatajiwa shufaa wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao. Wakilielewa neno hilo kama tunavyolielewa sasa, watakimbia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mgonjwa wako akiandikiwa tiba shufaa, usianze na "amebakiza muda gani?" Muulize muuguzi dawa ya maumivu ni kila baada ya saa ngapi, maumivu yakizidi kabla ya saa hiyo apewe nini, choo kikifunga mfanyeje, na ile rufaa yake inaendeleaje. Na anayekunong'oneza kwamba mama amewekwa shufaa, mwambie taratibu: ameanzishiwa tiba shufaa, na matibabu yake mengine yanaendelea.