Gawio Limetoka Wapi? Namna ya Kusoma Malipo ya Kampuni kwa Miaka

Wanahisa wengi wakipata ripoti ya mwaka hukimbilia mstari mmoja tu: gawio kwa kila hisa, yaani fedha ambazo kampuni huwalipa wenye hisa. Wakikuta kampuni imelipa kiasi kilekile miaka mitano mfululizo, huridhika na kuifunga ripoti. Tunawasihi wasiifunge mapema. Mstari huo unaonesha kilicholipwa, hauoneshi kimetoka wapi.

Tuchukue kampuni iliyolipa senti 10 kwa kila hisa kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo, faida yake kwa kila hisa baada ya kodi ilikuwa senti 25, kisha 22, 16, 11, na mwisho 8. Mwaka wa kwanza iligawa asilimia 40 ya faida, na iliyobaki ikarudi kukuza biashara. Mwaka wa tano iligawa kuliko ilivyochuma. Senti 2 zilizozidi zilichotwa kwenye faida iliyolimbikizwa miaka ya nyuma, na kama taslimu haikuwepo, kampuni ilikopa ili ilipe. Kwa anayetazama gawio peke yake, miaka yote mitano inafanana.

Ndiyo maana gawio lisomwe sambamba na faida kwa kila hisa, pamoja na taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonesha taslimu iliyoingia na kutoka. Taarifa hiyo husahaulika sana. Kampuni iliyouza kwa mkopo huandika faida hata kabla wateja hawajalipa, na gawio halilipwi kwa ankara.

Bodi za wakurugenzi huogopa mno kupunguza gawio, kwa kuwa soko hulichukulia punguzo kama ishara ya ugonjwa. Matokeo yake, punguzo mara nyingi huja limechelewa, na huwa kubwa. Mwishoni mwa 2017 General Electric ya Marekani ilitangaza kupunguza gawio lake kwa nusu. Oktoba 2018 ikalishusha tena, kutoka senti 12 za dola kwa robo mwaka hadi senti 1. Kampuni ya mafuta ya Shell nayo, bei ya mafuta ilipoporomoka wakati wa UVIKO-19, Aprili 2020 ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 47 za dola hadi 16, mara ya kwanza kulipunguza tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa maoni yetu, kupunguza si kosa siku zote. Kampuni inayobakiza fedha ili ivuke kipindi kigumu inamtendea mwanahisa haki kuliko ile inayokopa ili imfurahishe.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Jedwali linaweza kuonesha senti 60 mwaka mmoja na senti 20 mwaka unaofuata, mtu akadhani ameporwa. Kabla ya kulalamika, angalia kama hisa ziligawanywa. Ikiwa kila hisa moja imekuwa tatu, mwenye hisa 100 sasa ana 300, na anapokea senti 6,000 zilezile.

Kuwa makini pia na asilimia ya gawio kwa bei ya hisa. Gawio la senti 10 kwa hisa inayouzwa senti 100 ni asilimia 10. Bei ikianguka hadi senti 50, asilimia hiyo inapanda hadi 20 ilhali kampuni haijaongeza hata senti. Asilimia kubwa kupita kiasi huenda ikawa dalili kwamba soko halitarajii gawio lijalo kufikia kiwango hicho.

Mwisho, gawio hulipwa kwa waliomo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa. Kwa kawaida, ukinunua kuanzia siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, gawio hilo ni la aliyekuuzia, na bei nayo huelekea kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Ukibadilisha akaunti ya benki au anwani, mjulishe mapema msajili wa hisa, anayetunza daftari hilo. Wapo wanaodai magawio ya miaka mingi ambayo kampuni ilishalipa, ila yaligonga akaunti zilizofungwa.