Kisu cha chamfa si cha kuvunja kona tu
Kwenye karakana za Shimanzi na Changamwe, Mombasa, utasikia: kisu cha chamfa, yaani kikatio cha mashine chenye ncha ya pembe, ni cha kuvunja ukali wa kona, basi. Si kweli. Chenye ncha ya digrii 90 kinachimba pia shimo la kukalia kichwa cha skrubu za milimita zenye kichwa cha kuzama, kwani vichwa vyake ni digrii 90 vilevile. Zile za inchi za Marekani ni 82; hizo hazitakaa sawa. Kinakata mfereji wa V, kinachonga maandishi. Kikiwa kinakata hadi katikati ya ncha, kinaanzisha tundu ili keekee isitangetange; ncha ikiwa bapa, tafadhali usijaribu. Na kuvunja kona kwenyewe si urembo: shafti iliyochongwa kona ya mwisho wake huingia kwenye beringi bila kuikwaruza.